Duara Lenye Msalaba: Safari ya Alama ya Taa kwenye Ramani

Tandaza mezani ramani ya umeme ya nyumba yoyote, iwe ya Mwanza au ya Mombasa. Katikati ya vyumba utaona duara dogo lenye msalaba wa mshazari ndani yake. Fundi akiliona haulizi. Anajua kwamba hapo dari itatobolewa, waya utashushwa na taa itafungwa. Duara lile halifanani na balbu wala tyubu. Ni makubaliano: aliyechora ameahidi kwamba alama hii maana yake ni taa, na anayefunga ameahidi kuisoma hivyo hivyo.

Tangu taa za umeme zilipoanza kuchorwa kwenye ramani, makubaliano hayo yamesumbuliwa na swali moja. Taa si za aina moja. Kuna za dari na za ukutani, fupi na ndefu, za kawaida na za dharura. Je, kila moja ipewe alama yake, au alama moja ifunzwe kubadilika? Siku hizi mchoraji anaweka alama moja kwenye skrini, anaivuta irefuke, anaigeuza ielekee ukuta, anaivisha sura ya taa ya dharura, yote kwa kubofya. Ni rahisi kudhani kwamba uwezo huo umeletwa na kompyuta. Ukiifuata historia yake hatua kwa hatua utaona kwamba kazi ngumu ilikuwa kwingine: kuamua ni kipi ndani ya alama kisiguswe kamwe.

Moto, kanuni na karatasi ya buluu

Mwaka 1879 Thomas Edison aliwasha balbu yake Menlo Park, Marekani, na Joseph Swan alikuwa amefikia balbu yake mwenyewe Uingereza. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Desemba 1881 ukumbi wa maonyesho wa Savoy jijini London ulimulikwa kwa balbu za Swan zipatazo 1,200, jukwaani na kwa watazamaji. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo cha Edison cha Pearl Street kilianza kuwapelekea umeme wateja wa New York. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib huko Zanzibar, jumba lililokuja kuwa la kwanza mjini humo kuwa na taa za umeme.

Nyumba zilizozoea mishumaa, mafuta na gesi zikapitishiwa nyaya kutani na darini, na hofu ya moto ikaingia pamoja nazo. Mwaka uleule wa 1882 chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha London kilitoa kanuni za kuzuia moto unaotokana na taa za umeme. Kanuni hizo ndizo chimbuko la kiwango cha Uingereza kinachoitwa leo BS 7671, ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanakifahamu kwa sababu mafunzo yao yalirithi desturi za Uingereza. Marekani nayo ilipata kanuni zake za kitaifa mwaka 1897.

Kanuni haikaguliwi kwa kumbukumbu. Mkaguzi anataka kuona nyaya zimepita wapi na taa ngapi zimefungwa kwenye njia moja, na hilo haliwezekani bila mchoro. Wakati huo namna ya kunakili michoro nayo ilikuwa imebadilika. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza John Herschel alivumbua karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, ambayo hugeuka buluu ikipigwa na mwanga, isipokuwa pale mstari wa wino unapouzuia mwanga usipite. Kufikia mwisho wa karne ya 19 ofisi za wahandisi zilikuwa zikitoa nakala za buluu zenye mistari myeupe, kadiri walivyozihitaji. Jambo hilo liliipa alama mzigo mpya. Ramani ilipokuwa moja, mchoraji aliweza kusimama kando ya fundi na kumweleza. Nakala zilipokwenda kwa mkandarasi, kwa mkaguzi na kwa mwenye nyumba kwa wakati mmoja, alama ililazimika kujieleza yenyewe.

Kutoka nukta hadi mstari

Mwaka 1906 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana London na kuunda tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, na Lord Kelvin akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huohuo wataalamu wa mwanga walianzisha chama chao New York, kinachojulikana kwa herufi IES. Lengo la tume lilikuwa kwamba wahandisi wa nchi tofauti waweze kuelewana, kwa maneno, kwa vipimo na kwa alama.

Makubaliano ya dunia huja polepole, na desturi za kila nchi zilikuwa zimeshaota mizizi. Wamarekani waliandika swichi kwa herufi S. Waingereza waliichora kwa duara dogo lenye mkia. Hata majina yalipishana. Swichi ya ngazini, ile inayokuwezesha kuwasha taa ukiwa chini na kuizima ukifika juu, Waingereza wanaiita ya njia mbili, na sisi tuliosoma vitabu vyao tunaiita vivyo hivyo. Wamarekani wanaiita ya njia tatu na kuiandika S3. Kifaa ni kilekile na nyaya ni zilezile, lakini fundi wa Nairobi akipewa ramani ya Chicago bila ufunguo wa alama atakwama mlangoni.

Kisha taa yenyewe ikabadilika. Mwaka 1938 General Electric ilianza kuuza tyubu za fluoresenti, na chanzo cha mwanga kilichokuwa nukta kikawa mstari. Duara halikutosha tena, kwa sababu tyubu ina urefu na ina mwelekeo: imelala kando ya ukuta au imeukingama? Alama yake katika desturi ya IEC ikawa mstari mnyoofu wenye vijiti vifupi kwenye ncha zake mbili. Taa ikiwa na tyubu tatu, unachora mistari mitatu sambamba. Ikiwa na tano, huna haja ya kujaza karatasi: unakata mstari mmoja kwa mkwaju, yaani kistari cha mshazari, na kuandika 5 kando yake.

Huo mkwaju wenye namba unastahili kutazamwa vizuri, kwa maana ndani yake mna wazo zima la alama inayobadilika. Kiwango cha IEC 617, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1983, kiliiweka hekima hiyo katika mpango kamili. Kuna alama ya jumla, halafu kuna nyongeza zinazoifafanua. Taa ni duara lenye msalaba. Ukiandika Ne kando yake ni ya neoni, Na ni ya mvuke wa sodiamu, Hg ni ya zebaki, FL ni ya fluoresenti. Ukitaka rangi ya taa ya ishara, RD ni nyekundu na GN ni kijani. Waandishi wa kiwango hawakuchora alama mpya kwa kila taa. Walitenga kilicho cha kudumu na kilicho cha kubadilika, wakakipa kila kimoja mahali pake. Kazi hiyo ya akili iliwezekana kwa kalamu na karatasi peke yake.

Kilichokuwa kigumu ni mkono. Mchoraji wa enzi hizo aliweka kibao cha plastiki chenye matundu juu ya karatasi angavu, akapitisha kalamu ya wino tunduni, akainua kibao bila kuchafua, akahamia taa inayofuata. Mteja akibadili mawazo, wino ulikwanguliwa kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Hesabu ya taa ilifanywa kwa kidole na alama za penseli, ramani moja baada ya nyingine, na aliyekatizwa katikati alianza upya.

Mchoro mama

Januari 1963 kijana wa Kimarekani, Ivan Sutherland, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, chini ya usimamizi wa Claude Shannon, mwasisi wa nadharia ya habari. Tasnifu ilihusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyofanya kazi kwenye kompyuta TX-2 ya maabara ya Lincoln. Mtu alishika kalamu ya mwanga, akaigusisha kwenye skrini, akachora.

Kwa habari yetu ya alama, jambo kubwa halikuwa ile kalamu. Sutherland aliwezesha umbo lichorwe mara moja tu, likawa mchoro mama, na kila mahali lilipohitajika ikawekwa nakala yake. Nakala haikubeba mistari yake yenyewe. Ilijua mambo machache: mama yake ni yupi, imekaa wapi, imegeuzwa kiasi gani na ina ukubwa gani. Ukimrekebisha mama, nakala zote zilirekebika papo hapo, ziwe mbili au mia. Wembe na kibao cha plastiki vilikuwa vimepata mrithi.

Kati ya mifano ya tasnifu hiyo mlikuwa na michoro ya saketi za umeme, na hapo Sutherland alikiri jambo linalogusa moyo wa makala haya. Michoro ya umeme inadai alama nyingi mno, na nyingi kati yake zilikuwa bado hazijachorwa ipasavyo, kwa hiyo hazikuwamo kwenye maktaba ya programu. Kompyuta ilikuwepo, kalamu ya mwanga ilikuwepo, na kazi ilisubiri mtu wa kukaa chini azichore alama vizuri kabla ya wengine kuzitumia. Yeyote aliyewahi kupokea kompyuta mpya ofisini na kukuta hakuna maktaba ya alama inayoaminika anaijua hali hiyo.

Sketchpad iliacha pia pengo. Nakala iliweza kuhamishwa, kuzungushwa, kukuzwa na kupunguzwa, lakini yote kwa ujumla wake. Hukuweza kuirefusha tyubu huku vijiti vyake vya nchani vikibaki na kimo chao. Ukitaka sura nyingine, ulihitaji mama mwingine. Katika programu iliyokuja kuenea zaidi maofisini, pengo hilo lilikuja kuzibwa miaka zaidi ya 40 baada ya Sketchpad.

Bloku na daftari lake

Kwa miaka mingi baada ya Sketchpad, kuchora kwa kompyuta kulikuwa anasa ya viwanda vya ndege na magari. Mlango ulifunguka mwaka 1982, John Walker na wenzake walipoanzisha kampuni ya Autodesk huko California. Novemba mwaka huo walionyesha AutoCAD kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas, programu ya kompyuta ndogo ya mezani. Ndani yake mchoro mama wa Sutherland ulirudi kwa jina fupi ambalo wachoraji wetu wanalitamka kila siku: bloku.

Bloku ya taa ilikuwa na mbinu kadhaa za kubadilika tangu zamani. Mistari iliyochorwa kwenye leya 0 (leya ni tabaka la mchoro) huchukua rangi na unene wa leya ambamo bloku imewekwa, kwa hiyo alama moja ilitumika kwa taa mpya na kwa taa za zamani zinazobaki ukutani. Baadaye bloku ikapewa sehemu za kuandikwa taarifa: namba ya taa, wati, njia ya umeme, swichi inayoiwasha. Taarifa hizo ziliweza kutolewa kwenye ramani na kupangwa kwenye jedwali. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mara ya kwanza kila taa ilizaliwa na daftari lake, na mkadiriaji majenzi hakulazimika tena kuhesabu kwa penseli. Mwaka 1986 ikaongezwa lugha ya AutoLISP, na wachoraji wenye subira wakaanza kuandika programu ndogo zilizouliza urefu wa taa kisha zikaichora zenyewe.

Lakini umbo la bloku lilibaki gumu kama chuma. Piga hesabu ya taa moja tu ya tyubu. Ina urefu wa milimita 600, 1200 au 1500. Inafungwa juu ya dari au inazamishwa ndani yake. Ni ya kawaida au ya dharura. Tatu mara mbili mara mbili ni 12. Ukichora kwa kipimo cha 1:50 na cha 1:100, na ukataka alama ionekane sawa kwenye karatasi zote mbili, umefika 24. Aina moja ya taa imezaa bloku 24, na kila moja ina jina lake la kukumbukwa. Maktaba zikavimba. Mchoraji aliyechoka kutafuta iliyo sahihi alichukua ya jirani, akaivunja kuwa mistari mitupu, akairekebisha kwa mkono, akaendelea. Ilionekana vizuri kwenye skrini. Lakini bloku ikivunjwa, daftari lake huvunjika nayo: taa ipo kwenye mchoro na haimo kwenye hesabu.

Alama iliyofunzwa

Machi 2005 lilitoka toleo lililoitwa AutoCAD 2006, likiwa na bloku badilifu. Sasa mama aliweza kubeba ndani yake ruhusa za kubadilika. Mtengenezaji wa bloku anaweka vigezo, kama vile urefu, pembe au hali ya kuonekana, kisha anavifungia vitendo: kunyoosha, kuzungusha, kugeuza upande, kusogeza. Anayeitumia haoni ufundi huo. Anaona vishikio vidogo vya buluu vya kukamata na kuvuta.

Turudi kwenye tyubu yetu. Kigezo cha urefu kinapewa orodha ya 600, 1200 na 1500, hivyo ukivuta kishikio alama inaruka kutoka kipimo hadi kipimo na haikubali kusimama kwenye 870, kwa sababu orodha haina tyubu ya 870. Kigezo cha kuonekana kinaficha na kufunua mistari: ukichagua dharura, nusu ya alama inajaa wino. Taa ya ukutani inapewa kigezo cha ulinganifu, nayo inajigeuza yenyewe kuufuata ukuta unapoisogeza karibu. Jedwali la ndani linaoanisha urefu na nguvu: kwa tyubu za T8, 600 huenda na wati 18, 1200 na wati 36, 1500 na wati 58. Bloku zilizokuwa 12 zikawa moja. Toleo la AutoCAD 2008 likaongeza alama zinazojua kipimo cha karatasi, na zile 24 nazo zikaingia humo.

Utajiri huo ulikuja na hatari zake. Bloku badilifu ikibadilishwa, programu huihifadhi kwa jina la siri linaloanza na nyota na herufi U. Programu ndogo za zamani, zilizohesabu taa kwa majina, zikaanza kuziruka bila kutoa onyo. Waandishi wake walilazimika kuzifundisha kuuliza jina la asili. Hatari kubwa zaidi ilitokana na ukarimu wa watengenezaji. Mtu akijua kwamba anaweza kuweka vigezo kumi, huweka kumi. Alama inakuwa na vishikio vingi hivi kwamba mchoraji mgeni anaogopa kuigusa, au anaigusa vibaya na kuigeuza kitu ambacho hakimo kwenye ufunguo.

Hapo ndipo ile hekima ya mkwaju na namba inapohitajika tena. Kabla ya kufungua programu, kaa na karatasi uandike safu mbili. Safu ya kwanza ni ya yanayoruhusiwa kubadilika: urefu, mwelekeo, namna ya kufungwa, njia ya umeme. Safu ya pili ni ya yasiyoguswa: nukta ya kuwekea, ambayo lazima iwe pale taa itakapofungwa kweli, kimo cha alama kwenye karatasi, majina ya sehemu za taarifa, ili jedwali la mradi wa leo lisomeke na la kesho, na maana yenyewe, kwamba duara lenye msalaba ni taa wala haliwi feni hata siku moja. Safu ya pili ndiyo inayoipa ya kwanza thamani.

Alama inapokuwa kifaa

Njia nyingine ilikuwa ikikua sambamba. Gábor Bojár alianzisha kampuni ya Graphisoft huko Hungaria mwaka 1982, na programu yake ya ArchiCAD ikapata lugha ya GDL, ambamo kifaa huelezwa kwa vipimo vinavyoweza kubadilishwa. Mwaka 1985 Samuel Geisberg alianzisha nchini Marekani kampuni ya PTC, ambayo katika programu yake umbo zima la mashine lilitawaliwa na vigezo. Wawili waliopitia kampuni hiyo, Leonid Raiz na Irwin Jungreis, walilichukua wazo hilo wakalipeleka kwenye majengo, na mwaka 2000 Revit ikatoka. Autodesk iliinunua miaka miwili baadaye.

Katika Revit taa si mchoro tena. Ni kifaa chenye mwili, mzigo wa umeme, na faili ya IES inayoeleza mwanga wake unavyosambaa. Hata hivyo, ukiitazama kutoka juu kwenye ramani ya sakafu, mwili wake mara nyingi ni mdogo mno kusomeka. Kwa hiyo watengenezaji huingiza ndani yake alama ya kimkataba, inayobaki na ukubwa uleule kwenye karatasi hata kipimo kikibadilika. Kompyuta inaweza kuonyesha kila skrubu ya taa ile, na bado tunaiomba ituchoree duara lenye msalaba.

Wachoraji wa taa za jukwaani walilijua jambo hilo mapema, kwa kuwa taa moja ya ukumbini hubeba habari nyingi: namba yake, chaneli ya mitambo, rangi ya kichujio, mahali inapoelekezwa. Katika programu kama Vectorworks Spotlight, habari hizo hupangwa kuizunguka alama kwa mpango unaochaguliwa mara moja kwa mchoro wote. Mafundi wanaopanda ngazi gizani wanajua waangalie upande gani wa alama kupata namba gani.

Nayo LED ikaja kulikoleza swali letu la mwanzo. Wajapani waliofanikisha LED ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambaye wakati wa kutuzwa alikuwa raia wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa kazi yao mwanga mweupe wa LED uliwezekana, na leo utepe wa LED unauzwa ukiwa umeviringishwa na kukatwa kwa mkasi. Hauna orodha fupi ya urefu kama tyubu. Unapinda, unaingia kwenye kona, unabadili rangi. Alama isiyoweza kubadilika haiwezi kuuchora kwa uaminifu.

Ngazi na karatasi

Mwisho wa yote ramani huchapwa, au hutumwa kwenye simu kama picha. Hapo vishikio vya buluu hufa. Hakuna jedwali la kufungua wala kigezo cha kuvuta. Fundi amesimama kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika bisibisi na mwingine karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye vumbi la saruji. Anachokiona ni duara, msalaba, mkwaju, na herufi moja inayomwambia swichi ni ipi.

Vitendo vyote vilivyofungwa ndani ya bloku vitapimwa kwa alichoelewa mtu huyo katika sekunde mbili. Ndiyo maana ninawasihi vijana wanaojifunza kazi hii: tengenezeni maktaba zenu kwa heshima, chapeni kila sura ya kila alama kwenye karatasi halisi kwa kipimo halisi, na mpelekeeni fundi aisome kabla ya kuiita tayari. Akisita, rudini mkaitengeneze upya. Asiposita, alama yenu imeingia katika ahadi ile ya zamani kati ya anayechora na anayefunga, na chumba kitapata mwanga mahali palipokusudiwa.